Barua kwa mwanangu: vipimo vya ile Peugeot

Asalaam aleikum mwanangu,

Ujumbe wako niliupata Ijumaa na kama sikujibu upesi si kwamba nimekudharau, ni kwamba ulichoniuliza hakijibiki kwa simu. Unataka vipimo vya ile 504 steshen wageni niliyokuwa nabebea abiria Mombasa na kurudi, upate kuiunda kigari cha mfano cha moja kwa 24. Mamako aliposikia alicheka mpaka akaketi, ati mtoto ana miaka 29 na bado yuwacheza gari. Nikataka kumjibu kuwa huku si kucheza, halafu nikakumbuka mwaka juzi mimi mwenyewe nilikuambia maneno yayo hayo tena kwa ukali mbele ya wageni, basi nikanyamaza nikatafuta viatu.

Nilienda Maweni. Kuna fundi pale uwanjani kwake iko steshen wageni moja imekaa juu ya mawe, injini haina, kuku wametagia kiti cha nyuma, lakini bodi nzima. Nikamwomba nipime. Akaniuliza wanunua? Nikamwambia la, mwanangu ataka kuunda moja ya kukaa juu ya meza. Alinitazama hivi, akaenda zake, nikadhani amekasirika, kumbe ameenda kuleta chai na mtoto wa kunishikia ncha ya futi.

Haya andika. Urefu bampa kwa bampa futi 15 na inchi 9. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma futi 9 na nusu. Upana futi 5 na inchi 7 kasoro kidogo. Sasa wewe uliniambia moja kwa 24 maana yake futi moja ya gari ni nusu inchi ya kigari, wallahi mbona hukuniambia hivyo tangu mwanzo, ungeniambia mwaka juzi tusingegombana, manake mimi ukinitajia moja kwa kadha naona hesabu za shule lakini nusu inchi kwa futi hiyo naielewa, futi yangu ina mistari yake. Kwa hiyo gari yako itakuwa inchi 7 na kitu, karibu 8, yaani sentimita 20 kamili. Nimepima kwenye meza, ni kama urefu wa kofia yangu ikilazwa.

Na sasa pia nimeelewa ule ubishi wenu wa kila Jumapili na hao wenzako wa moja kwa 25. Kumbe watengenezaji wa hayo maboksi ya kuunda, Wamarekani wa AMT wamezoea 25 na Wajapani wa Tamiya na Hasegawa wamezoea 24, mkiweka gari mbili kwenye rafu moja jicho linaona kuna kitu hakikai. Mamako asema tofauti gani hiyo ya kugombania. Nimempigia hesabu, kwa gari hii hii ni milimita 8. Kwa mtu wa kawaida si kitu, lakini mimi nimeshawahi kufunga mlango wa gari ya saluni iliyonyooshwa baada ya ajali na milimita 3 zilinitoa machozi, kwa hivyo katika ubishi huo niko upande wenu.

Tahadhari moja kubwa. Umesema utaanza na kigari cha saluni, ile 504 ya buti, halafu uikate uunganishe nyuma mpya. Saluni ya 504 magurudumu yake yako futi 9 tu, hii yetu imezidi nusu futi, yaani kwako robo inchi. Usipoongeza hiyo robo inchi utapata saluni iliyobeba boksi mgongoni, na mtu aliyewahi kupanda ataijua mbio. Taa za nyuma pia si zile, za steshen wageni zimesimama wima. Na chini kule, najua utasema hakuna atakayegeuza, lakini wewe mwenyewe utajua, chini ya saluni kila gurudumu la nyuma lina mwendo wake, ya kwetu ina eksili moja ngumu na springi nne za koili, mbili kila upande. Ndiyo maana iliweza kubeba. Safu tatu za viti, halali yake watu saba na dereva, na siku za Jumatatu alfajiri usiniulize tulikuwa wangapi. Gia iko kwenye stelingi, usije ukaweka kijiti katikati kwa mazoea ya hizi Probox.

Rangi. Rangi ilikuwa krimu, chai yenye maziwa mengi. Uliniambia kigari kidogo ukikipaka rangi ile ile ya gari kubwa kinaonekana kimekolea kuliko, inabidi uchanganye nyeupe kidogo. Mwanzo nilidhani ni maringo ya mafundi wa Nairobi, lakini juzi nilipanda juu gorofani kwa mjombako nikaitazama barabara ya Lamu kule mbali, kweli magari yote yamepauka. Sawa, changanya.

Ila mimi nina langu kuhusu rangi. Nilipiga hesabu jioni moja umeme umepotea sina la kufanya. Ukipaka rangi ya unene wa robo ya robo ya milimita hivi, ukizidisha kwa 24 ni milimita moja na nusu. Bati lenyewe la gari halifiki milimita moja! Yaani kigari chako kimevaa rangi nene kuliko bati. Ndiyo maana mistari ya milango ya ile Datsun yako ndogo ilikuwa imejaa, hukuona? Paka nyepesi nyepesi, mara nyingi, katikati piga msasa wa maji, na ile mistari ya milango izidishe kwa sindano kabla ya praima. Na usipulize siku ya mvua. Hapa Malindi mwezi wa tano ukipuliza duko, ile rangi ya gari, inafanya ukungu mweupe kama umepumulia kioo, manake thina ikiruka mbio inaipoza bodi na unyevu wa hewa unashuka juu ya rangi mbichi. Tulikuwa tunangoja saa nne tano, jua limekausha hewa, au tunatia thina ya kukauka polepole. Huko kwenu hewa kavu zaidi lakini Aprili ni Aprili.

Hiyo Datsun ndiyo iliyoleta fitina, si unakumbuka. Ulikuja nayo Idd, 240Z ya mbio za Safari Rally za 1971, aliyoshinda nayo Edgar Herrmann, nyekundu na boneti nyeusi, ukaniambia bei ya boksi na mimi hapo hapo nikaacha kuitazama gari nikaanza kutazama bei. Nikasema niliyosema. Lakini ulipolala niliichukua nikawasha tochi ya simu. Boneti umeipaka nyeusi isiyong'aa, vizuri, manake ile si urembo, ni kuzuia jua lisirudi machoni mwa dereva. Mikanda ya viti ipo, bakoli zake zipo, na dekali zimelala hata ukipitisha ukucha husikii. Kosa lake lilikuwa moja tu, ilikuwa safi. Gari imezunguka Afrika Mashariki siku ngapi na haina hata tone! Sisi tulikua na Safari ya Pasaka, mimi nilikuwa mtoto mdogo mwaka 1975 Ove Andersson aliposhinda na 504, na tangu siku hiyo hapa mtaani huwezi kumwambia mtu kitu kuhusu 504, mpaka mwenye Datsun alikuwa ananyamaza, na hao wa Datsun walikuwa hawanyamazi, kisha Shekhar Mehta akawashindia Safari nne mfululizo 1979 mpaka 1982 wakatulipa na riba. Picha zote tulizoziona magazetini gari ilikuwa rangi ya tope. Basi yako isiwe ya kwenda harusini.

Lakini mchanga wa pwani usitumie. Chembe moja ya nusu milimita kwenye kigari chako ni jiwe la sentimita 1.2, itakuwa gari imemwagiwa kokoto. Nimekuchukulia vumbi la kweli, lile jekundu la barabara ya kwenda Sala geti ya mbuga ya Tsavo, nimelichekecha kwa leso kuukuu ya mamako mara tatu (usimwambie ni ipi) mpaka limekuwa laini kama poda ya mtoto. Lipake chini ya milango na nyuma ya magurudumu, juu ya boneti kidogo tu, mbele ya dereva acha nusu duara mbili safi mahali waipa zinafika. Waipa ya kushoto ilikuwa haifiki vizuri.

Mwaka. Lazima uchague mwaka, uliniambia hivyo mwenyewe, gari haiwi ya miaka yote. Mimi niliichukua 1992, mwaka mmoja baada ya daraja la Kilifi kufunguliwa, lakini bampa ya nyuma ilikuwa imeshakunjika upande wa kulia kwenye feri wakati wa mwenyewe wa kwanza, hatukuinyoosha kamwe. Chagua 2003. Kabla ya Februari 2004, manake hapo ndipo sheria za matatu za waziri Michuki zilipoanza, mstari wa njano ubavuni na mikanda kwa kila kiti na kidhibiti mwendo, na sisi wenye Peugeot tukaanza kupungua mmoja mmoja. Sitaki mstari wa njano. Nambari ya mbele bango jeupe, ya nyuma njano, herufi nyeusi. Juu keria ya chuma ya kuchomelea, si ya dukani, ina jino moja limekatika. Kioo cha nyuma kimeandikwa SUBIRA kwa rangi nyekundu, herufi inchi 6, kwako robo inchi, na S ya mwanzo imepinda kama mtu aliyeegemea ukuta kwa sababu mchoraji alianza kabla ya kufungua kinywa, ilikuwa Ramadhani.

Na tairi. Matairi matatu yalikuwa ya aina moja, la nyuma kushoto lilikuwa jingine, ua lake pana zaidi. Nataka uliweke hivyo, na nataka nikwambie kwa nini, manake sidhani kama unajua.

Ulikuwa darasa la pili. Ulikuwa umetengeneza gari ya waya, magurudumu ya ndara, taa vifuniko vya soda, na ule mti mrefu wa stelingi, ukailaza nyuma ya gari yangu usiku. Alfajiri nikarudi rivasi nikasikia krak. Sikushuka, abiria walikuwa wanangoja stendi. Kufika Matsangoni tairi limelala, waya umeingia ubavuni, hata halikuzibika, nikanunua kuukuu la kwanza nililoliona na pesa ya siku ile yote ikaishia hapo. Jioni nikarudi nikakugombeza, na kile kilichobaki cha ile gari yako nikakirusha juu ya paa. Wewe hukulia. Ulinitazama tu kama alivyonitazama yule fundi wa Maweni.

Wiki nzima baadaye mamako ndiye aliyeniambia nipande juu nikaitazame. Nikapanda. Ilikuwa imebondeka lakini keria ilikuwepo. Jino moja lilikuwa limekatwa. Nyuma ulikuwa umebana kipande cha katoni umeandika SUBIRA, na S umeipinda. Miaka saba, hujui hata kuandika vizuri, lakini S za daftari lako zilikuwa zimenyooka, nilikwenda nikazitazama, kwa hiyo ile uliipinda kwa kusudi.

Sikukuambia kitu. Niliona aibu, na aibu ya mzazi huwa inatoka kama ukali, na nadhani hata ule wa Idd ulitokana na hapo. Nisamehe baba.

Basi hao wenzako wakikuuliza mbona tairi moja halifanani, na najua watauliza, watu wa kazi hiyo hawaachi kitu, wewe waambie ni sawa, hiyo gari ilikanyaga gari nyingine.

Mzigo umetoka na basi la usiku wa leo. Ndani kuna karatasi ya vipimo, nimechora milango na keria kwa mkono wangu usinicheke, kichupa cha vumbi kimefungwa kwa selotepu, na mamako ametia mahamri na achari, ya vumbi na ya kula ziko mifuko mbalimbali. Yule simba wa grili nilimng'oa kabla sijaiuza, yumo kwenye kopo la vifungo la mamako mpaka leo. Simtumi. Wewe ukimaliza njoo na gari, tuwaweke pamoja tuone kama umempata.

Kachukue kabla ya saa sita, na ubebe kitambulisho, mara ile ya mwisho walikurudisha.

Babako
Malindi