Ovari hazikuondoka na akili yako

Kigamboni, Dar es Salaam

Shoga yangu Mama Salha,

Salaam nyingi. Sisi wazima, ila joto linatutoa roho na umeme unakatika pale pale feni inapoanza kukolea. Bi Mkubwa anasema deni la dagaa hajalisahau.

Neno lako la juzi kwenye simu limenikaa kooni. Eti walipotoa ovari waliondoka na akili yako? Na Zuhura pembeni anaitikia! Nimefundisha baiolojia miaka yote hiyo, halafu nisikie haya kutoka kwa shoga yangu.

Sikiliza. Ubongo nao hutengeneza homoni. Mwaka 1981 Mfaransa Étienne-Émile Baulieu na wenzake waliwatoa panya dume korodani na tezi za juu ya figo, wakapima ubongo: homoni ya steroidi, jamii ya zile zinazotoka kwenye viungo hivyo, bado imo. Baadaye ikathibitika kwamba inatengenezwa humo humo. Tena seli za neva zina kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachogeuza testosteroni, ile iitwayo homoni ya kiume, kuwa estrojeni, ile ya kike. Ndiyo, testosteroni, hata wewe unayo. Mwambie Baba Salha aache kuringa.

Hiyo estrojeni ina kazi. Kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, seli zina vichomozo vidogo, kama miiba ya shokishoki, vya kupokelea ujumbe. Panya jike akitolewa ovari, vinapungua. Akipewa estrojeni, vinaongezeka tena. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba hukupoteza kitu. Ovari ndizo zilikuwa kiwanda kikubwa, na zikiondoka ghafla mwili unashtuka: jasho la usiku, usingizi wa vipande vipande, majina yanakwama mdomoni. Na mtu asiyelala, hata mwenye ovari mbili, atasahau jina la mwanawe. Lakini kichwa hakijabaki kitupu, shoga, hilo ndilo nagombana nalo.

Yale majani ya yule mama wa sokoni... basi, nisiseme.

Daktari alikueleza kuhusu tiba ya homoni, au alikupa tarehe ya kurudi tu? Majibu ya kile kinyama walichokitoa kupima yalisemaje? Maana kama ni mambo ya saratani, usimeze hata kidonge cha estrojeni kabla hajakuruhusu. Unalala saa ngapi? Zuhura anaweza kukusindikiza kliniki? Na sare za harusi tunashona lini, au ndiyo mmeninyima kanga?

Wako,
Mama Idi