Dingi imepwelewa, dingi asijue

Chole, Mafia
Ijumaa usiku

Swahiba yangu Hemedi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, homa hakuna, na ule mguu umepona. Natumai wewe na bibi harusi wako hamjambo, na mama mkwe ameshafunga safari. Kama bado yupo, barua hii kaisomee gereji.

Najua umenuna. Harusi imepita, mwezi unakatika, mimi kimya. Simu yangu ilitumbukia baharini pale Unguja siku ya pili ya mwaka, nimeinama nazibua pampu, nikasikia tubwi, basi. Namba zote zilikuwa humo. Ninayoikumbuka kwa kichwa ni moja tu, ya Asha, na unajua kwa nini siwezi kumpigia Asha kumwomba ya kwako. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi kama babu zetu. Kuna kijana anapanda meli ya Nyamisati kesho, akifika Dar ataitia kwenye basi la Tanga. Ya harusi nitakuomba radhi uso kwa uso, maana karatasi hii haitoshi.

Kilichonikalisha kuandika ni kisa cha jana. Usicheke kabla hujamaliza, na baba asikisikie hata kwa bahati mbaya.

Jana tulipwelewa. Si yoti yenyewe, alhamdulillahi, ile ipo kwenye kina chake mbele ya Utende. Kilichopwelewa ni kile kiboti cha mpira cha kushukia pwani. Wazee wangu hawa, wale wazungu wa yoti ninaofanya nao kazi, wanakiita dingi. Siku ya kwanza kazini Mzee aliponiambia nikamfunge dingi asipotee, nilicheka mpaka Mama akadhani nina kifafa. Nikamweleza kwamba kwetu mtaani dingi ni baba mzazi. Tangu hapo kila tukishuka Mzee ananiuliza, "Baba yako umemfunga?"

Nikupe picha kidogo. Chombo kina mita kumi na tatu, watu watatu, wiki sita sasa. Hakuna pa kununia. Ukigombana na mtu asubuhi, adhuhuri mnagusana viwiko kwenye sufuria moja. Maji ya tangi ni lita 400, na Mama anayahesabu kama mshahara: kuoga kopo mbili, ya tatu uombe. Kwa hiyo waliposema Alhamisi tunashinda nchi kavu, hakuna kazi, kutembea tu, mimi saa kumi na moja alfajiri nilishavaa shati.

Tukateremka Chole saa moja na nusu. Maji bado yapo, mikoko imesimama ndani, pazuri. Nikaifunga dingi kwenye mkoko mmoja mnene, fundo safi, Hemedi, fundo ambalo hata Kipara angelisifu. Tukaondoka.

Chole haina magari. Njia za mchanga, minazi, magofu ya wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, yaliyobanwa na mizizi ya miti mpaka huoni ukuta unaishia wapi. Halafu popo. Si hawa wetu wa darini. Hawa wananing'inia mchana kweupe juu ya miti mikubwa kama nguo zilizoanikwa, na mmoja akikunjua mabawa yanakaribia mita moja. Mama alisimama chini yao nusu saa nzima, shingo juu. Mimi nilikuwa nahangaika na jambo jingine: nchi ilikuwa inayumba. Nimekaa kwenye baraza ya watu, ukuta unakwenda na kurudi, kikombe cha kahawa nimekishika kwa mikono miwili kisimwagike. Mwenye baraza akaniuliza kama nimelewa asubuhi yote hiyo.

Saa tano tukarudi pwani. Mama alikuwa ameacha unga wa mkate chomboni unaumuka, akasema tusikawie.

Bahari haikuwepo.

Nakuambia haikuwepo. Matope, nyasi za bahari, kaa wanakimbizana, na dingi imekaa pale katikati imeinamisha injini puani kama mtu anayesujudu. Maji yenyewe yalikuwa mbali, viwanja vya Mkwakwani viwili hivi. Fundo langu lilikuwa palepale, halijalegea hata kidogo.

Mwezi uliandama Jumanne, Hemedi! Niliuona kwa macho yangu, nikaomba na dua. Alhamisi ni bamvua, maji yanajaa alfajiri na kufikia saa nne asubuhi yamekwisha. Hata mtoto wa chuoni Sahare analijua hilo. Baba angenusa tu upepo mlangoni akasema leo msishuke kabla ya adhuhuri. Mimi wiki sita nimezoea kuamka na kuangalia tableti ya Mzee: maji yajaa saa fulani, yapwa saa fulani, yamechorwa kama mgongo wa ngamia. Jana tableti ilikuwa kwenye chaja, nami nilikuwa na haraka ya kukanyaga mchanga.

Kuibeba haikuwezekana. Injini peke yake nzito, Mzee ana miaka sabini na moja na goti bovu, na matope yalikuwa ya kuzama hadi magotini. Basi tukasimama. Kukawa na kitoto cha miaka minane hivi, kimebeba ndoo ya chambo, kikatutazama kwa huruma. Kikaniambia mimi, si wale wazungu, mimi: "Mjomba, kwani kwenu hakuna bahari?"

Nikakijibu nimetoka Dodoma.

Nifanyeje? Mzee hakukasirika. Alikaa juu ya gogo, akavua kofia, akaitazama dingi, akatazama saa, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kamusi, "Maji yamekwenda." Ndiyo, Mzee, yamekwenda. Halafu akajilaza chini ya mwembe akaanza kukoroma, na kwa mara ya kwanza tangu Tanga nikaweza kuondoka mahali anapokoromea.

Sasa utaniona mwongo, lakini zile saa tatu za kungoja maji ndizo nilizopumzika. Kabla ya hapo tulikuwa tunatembea kama watu wenye ratiba. Nilirudi kwenye ile baraza wakanitandikia bao, mzee mmoja akanifunga mara tatu, mara ya kwanza kahawa haijapoa. Mkewe akaniona shingo imekauka chumvi, akaniuliza mara ya mwisho nimeoga maji baridi lini. Akanichotea ndoo kisimani. Ndoo nzima. Niliingia nayo uani, kata ya kwanza nikajimwagia nusu, kwa woga, nikisubiri sauti ya Mama. Ya pili nikaijaza. Ya tatu nikajimwagia utosini nikafumba macho, maji yakapita masikioni, mgongoni, yakaenda zake kwenye mchanga bila mtu kuyaandika. Nilipotoka walikuwa wameshapakua wali na pweza wa nazi. Nilipotaka kutoa pesa mzee yule alinitazama mpaka nikairudisha mfukoni.

Yeye ndiye aliyenishika. Tunakula, akasema taratibu, "Dodoma ya wapi wanaosema hivyo?" Nikakiri Tanga. Alicheka akapaliwa. Akaniambia nisione haya, hata Mdachi Chole ilimshinda kwa ajili ya maji: boma lilikuwa hapa, mwaka 1913 wakalihamishia Kilindoni kwa sababu meli zao zilitaka kina. "Wewe umepwelewa na kidau. Mwenzio alipwelewa na serikali nzima."

Saa nane na ushei dingi ikaelea. Chomboni tukakuta unga wa mkate umefurika bakuli, umeshuka mezani, umefunika ramani kuanzia Mafia hadi karibu na Kilwa. Mama alicheka kwa muda mrefu sana kuliko nilivyotarajia. Mzee akaniuliza kama baba yangu ameamka.

Hapo ndipo roho inaponiuma, na ndipo ninapokuomba. Unakumbuka baba alivyokuwa anahesabu maji kwa vidole, mwezi wa ngapi leo, kidole hiki kupwa, kile kujaa? Alitaka kunifundisha pale kwenye ngalawa mara ngapi, mimi macho yapo kwenye mpira. Nenda kwake, mpelekee hii elfu hamsini niliyoikunja humu, kaa naye, mpigishe stori, kisha umwombe akueleze hesabu ile kama vile unaitaka wewe. Iandike yote. Akiuliza fundi wa magari inakuhusu nini, sema unataka kwenda kuvua na shemeji zako. Atakuangalia kwa jicho lile. Vumilia. La Chole mwambie tulikula pweza, basi.

Tupo hapa hadi Jumatano, halafu Kilwa, halafu Mikindani, kisha tunangoja kusi ishike ituinue kurudi. Jumatatu nitakwenda Kilindoni kununua simu, laini nitairudisha kwa namba ileile.

Haya, nieleze sasa. Pilau alipika nani, kweli mliwaachia wale wa Chumbageni? Kipara alicheza au alikaa na ile suti yake mpaka mwisho? Asha alikuja? Alikuja na nani? Aliniulizia, au usinijibu hilo? Injini ya Mwarabu mmeiwasha? Na baba anakohoa bado usiku, au ile dawa ya Bi Mkubwa imemfaa? Bado anashuka pwani kila asubuhi?

Kijana anaita, anataka kulala. Nisalimie wote, ila Kipara hiki kisa usimpe.

Wako,
Saidi