Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Viti Viwili vya Wazazi

Ndugu wanachama, mama zetu na baba zetu, asanteni kwa kufika. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku na hamjalala.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na michango ya misiba tayari mmeiona kwenye kundi la WhatsApp. Mimi nataka tukae kwenye jambo lililokula muda mwingi wa kamati mwaka huu: usalama wa watoto wetu shuleni, na sheria za hapa Texas zinazodai mipango ya usalama ipitiwe upya na kurekebishwa.

Mwezi wa Oktoba mama mmoja wa chama chetu, aliyenipa ruhusa nisimulie, alipata ujumbe wa simu kutoka shule ya mwanawe. Ulikuwa kwa Kiingereza, na neno alilolitambua lilikuwa moja tu, “emergency”. Akatoka kazini na aproni yake mwilini. Nilipofika, nilimkuta amesimama nje ya mlango wa shule anagonga kioo kwa viganja vyote viwili, analia. Ndani, mtoto mmoja alikuwa ameanguka kifafa, na shule ilikuwa imetangaza “Hold”: wanafunzi wabaki madarasani ili wahudumu wa gari la wagonjwa wapite. Hakukuwa na hatari yoyote kwa wengine. Lakini mtu aliyekimbia vita kule Fizi, Kongo, usiku akiwa na mtoto mgongoni, utamwambiaje “emergency” kisha atulie?

Sheria hizi zimetokana na vilio. Mei 2018, katika sekondari ya Santa Fe, hapa hapa Texas, waliuawa watu 10 kwa risasi. Mwaka uliofuata Bunge la Texas likapitisha sheria iitwayo SB 11, iliyokaza masharti ya mpango wa dharura wa kila wilaya ya shule na kuweka utaratibu wa mipango hiyo kukaguliwa na kituo cha usalama wa shule kilichopo Chuo Kikuu cha Texas State, San Marcos. Kisha likaja shambulio la shule ya msingi mjini Uvalde, tarehe 24 Mei 2022. Waliuawa watoto 19 na walimu wawili, na askari wakasubiri dakika 77 kabla ya kumkabili muuaji. Kamati ya Bunge iliyochunguza ilikuta mlango wa darasa ambao watu walijua kufuli lake lina kasoro, milango iliyozoeleka kuachwa bila kufungwa, na intaneti dhaifu iliyochelewesha tahadhari kuwafikia walimu. Linaloniumiza zaidi ni kwamba wilaya ile ilikuwa na mpango ulioandikwa, na wakaguzi walikuwa wameukubali.

Baada ya hapo ikaja sheria nyingine, HB 3 ya mwaka 2023: mlinzi mwenye silaha katika kila shule, na ramani za majengo zikabidhiwe polisi. Kanuni za mamlaka ya elimu ya Texas nazo zinataka milango ya nje ikaguliwe kila wiki. Kuhusu mlinzi mwenye bunduki hatukukubaliana sisi wenyewe, na sitajifanya tulikubaliana. Kwa upande wangu, mlango unaofungika sawasawa unanipa usingizi kuliko bunduki. Mwaka huu wa shule, 2025–26, kila darasa linatakiwa kuwa na kitufe cha kimya cha kuomba msaada.

Sasa nije kwenye hasa nililotaka kuwaambia. Sheria ya Texas inaitaka kila wilaya iwe na kamati ya usalama, ikutane angalau mara moja kila muhula na mara moja wakati wa kiangazi, na kadiri inavyowezekana wawemo wazazi wawili. Viti viwili! Tumeishi hapa miaka yote hii bila kujua. Mpango wenyewe wa dharura hautolewi wote hadharani, na hilo naliona ni sawa. Lakini una haki ya kuthibitishiwa kwamba umepitiwa ndani ya miezi 12 iliyopita, ukaguzi wa usalama ulifanyika lini, wafanyakazi wamefunzwa, na mazoezi ya lazima yamefanyika.

Muhula wa pili mmoja wetu alikaa kwenye kiti kimojawapo. Alipeleka ombi moja: ujumbe wa dharura uje pia kwa Kiswahili. Wilaya ilikubali, ikatuomba tuyapitie maneno. Tulikaa jioni tatu, Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, tukabishana juu ya tangazo la “lockdown”. Tafsiri ya kwanza kutoka kwenye kompyuta ilisema “shule imefungwa”. Fikirini mzazi anasoma hivyo: atadhani ni likizo, au atakuja kumchukua mtoto! Tukaandika: “Kuna hatari ndani ya shule. Milango imefungwa, watoto wamejificha madarasani. Mzazi, usije mpaka tukuambie.” Kwa tangazo la “Secure” tukaandika kwamba hatari iko nje ya jengo na masomo yanaendelea ndani. Ni maneno ya kawaida tu, lakini mama yule wa Oktoba angepata ujumbe wa namna hii kwa Kiswahili, angerudi kwenye kazi yake.

Tulichoshindwa ni kukabidhiwa watoto baada ya tukio. Shule humkabidhi mtoto kwa mtu aliyeandikwa kwenye kadi ya mawasiliano ya dharura ya mtoto, mwenye kitambulisho. Kwetu mtoto mara nyingi ana jina lake na baba ana lake, hayafanani hata herufi moja. Kwenye zoezi la mwezi wa Machi baba mmoja alisimama foleni dakika arobaini huku binti yake akimpungia mkono kutoka upande wa pili wa ukumbi. Nimeliandikia barua suala hili, na bado sijajibiwa.

Kikao cha kiangazi kinakuja, na kiti cha pili bado ni kitupu. Namtafuta mama au baba mwenye mtoto kwenye shule za wilaya hii. Kiingereza kisikuzuie, tutaomba mkalimani, na gari langu litakupeleka na kukurudisha. Na kabla hamjaondoka leo, kila mmoja aangalie kadi ya mwanawe: namba ya simu ni ile ile? Jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho? Fomu za kurekebisha ziko kwenye meza ya katibu, karibu na birika la chai.