Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: akiba zetu zisile shaba peke yake

Wababa na wamama, wastaafu wenzangu, wanachama wapendwa,

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Michango imeingia, likelemba ya wamama, ule mchango wa kupokezana, imezunguka bila mtu kukosa zamu, na wenzetu waliotutoka tumewazika kwa heshima. Daftari la hesabu liko kwa mweka hazina. Kila mwanachama ana haki ya kulifungua.

Kilichonishughulisha zaidi ni hisa. Kongo yetu haina soko la hisa, lakini watoto wetu walioko Johannesburg na wale wanaovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa kwa biashara wametufungulia njia. Nafurahi sana. Ila nilipoketi na wanachama kuangalia karatasi zao, niliingiwa na hofu.

Mama mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ana hisa za ZCCM-IH na za Copperbelt Energy, zote za soko la Lusaka. Akaniambia, "Papa Mwenyekiti, mimi nimetawanya, niko na kampuni mbili." Ya kwanza inategemea migodi ya shaba ya Zambia, ya pili inaiuzia migodi umeme. Nikamuuliza nyumba ya uani amempangishia nani. Madereva wa malori ya madini. Na kijana wake mkubwa? Yuko mgodini, Kolwezi. Hisa, kodi ya nyumba, msaada wa mtoto: vyote vinakula shaba.

Tuliokuwa Lubumbashi 2008 tunakumbuka. Katikati ya mwaka ule tani moja ya shaba ilipita dola 8,000. Desemba ilikuwa chini ya 3,000. Migodi ikafunga, malori yakasimama, wapangaji wakarudi kwao. Hisa za Marekani nazo zilipoteza zaidi ya theluthi mwaka uleule, kwa hiyo kutawanya hisa tu hakukutosha. Aliyekuwa na pesa pembeni, nje ya hisa, ndiye aliyepumua.

Wanachama wengine wananijibu kwamba shaba tunaijua, tumeichimba maisha yetu yote. Ni kweli. Lakini bei yake haipangwi hapa, inapangwa London na Shanghai.

Tena mstaafu hawezi kungoja kama kijana. Kijana mwenye dola 10,000 akipoteza asilimia 30 anabaki na 7,000, na soko likipanda asilimia 43 amerudi alipokuwa. Mstaafu anatoa 1,000 za chakula na dawa, anabaki na 6,000. Yeye anahitaji asilimia 67. Na soko halina tarehe ya kurudi. Kipimo cha hisa za Japani, Nikkei, kilifika kileleni mwisho wa 1989, kikapita pale tena Februari 2024. Nani kati yetu ana miaka 34 ya kungoja?

Kamati inapendekeza hivi. Matumizi ya miaka miwili yakae benki, kwa dola, yasiguse hisa kabisa. Sehemu nyingine iende kwenye hati za hazina, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ambazo serikali yetu inaziuza tangu 2019 kupitia mabenki, lakini si pesa zote, kwani hata serikali hushindwa: Zambia ilikosa kulipa deni lake la nje Novemba 2020. Kinachobaki ndicho cha hisa: za chakula, za benki, za simu, au fungu katika mfuko wa pamoja unaoshika kampuni nyingi za nchi nyingi. Mimi binafsi naenda mbali zaidi: mwenye wapangaji wa mgodini asinunue hisa ya mgodi hata moja.

Kwenye mkutano mkuu kila mmoja alete karatasi zake, pamoja na orodha ya wapangaji na kazi za watoto wanaomsaidia. Nitaketi na mweka hazina tumpitie kila mtu faraghani. Karatasi za Lusaka ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo tumeomba vijana wanaokisoma waje kutusaidia. Wenye hisa za migodi peke yake tutaanza nao.