Kabla Hujalipia Gunia la Shayiri, Hesabu Punje 100

Mwezi uliopita mteja mmoja wa duka letu la mbegu, kutoka Bahati hapa Nakuru, alishuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia trei iliyofunikwa kwa leso. Hakutusalimia. Aliiweka kaunta, akafunua, akasema, "Jionee wenyewe." Ilikuwa siku ya tano tangu aloweke shayiri ya kuotesha majani ya ng'ombe kwenye trei. Trei iliyostahili kuwa kijani tupu ilikuwa na vijimizizi hapa na pale, na katikati punje zimelala vilevile alivyozimwaga, zinanuka kama machicha ya busaa.

Alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu shayiri hiyo tulimuuzia sisi. Na kwa macho ilikuwa nzuri sana: punje nono, safi, hakuna makapi. Shida yake ni kwamba ilikuwa mpya mno. Shayiri ikitoka kuvunwa huwa bado ina usingizi. Hata uiloweke vipi, punje nyingi zinakataa kuota mpaka ikae wiki kadhaa, aina nyingine hata miezi. Sisi tuliipokea kutoka kwa mkulima wa Mau Narok, tukaipanga stoo na kuanza kuuza wiki hiyohiyo. Tulimrudishia mama pesa zake. Tangu hapo hakuna gunia linalotoka dukani kabla ya kupimwa, na tunakuomba wewe pia upime, hata kama unanunua kwingine.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Chukua punje kutoka juu, katikati na chini ya gunia, maana wapo wanaoweka nzuri juu. Hesabu 100 bila kuchagua zile nono. Zipange kwenye kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, kikunje, kiweke kwenye sahani na ukifunike kwa sufuria. Kikikauka, kinyunyizie maji kidogo. Siku ya nne, hesabu zilizotoa mzizi. Zikifika 85, nunua bila wasiwasi. Zikiwa 70, achana nayo, hata ukipunguziwa bei. Zile 30 ambazo hazikuota hazitakaa kimya kwenye trei. Zitaoza, kuvu itaanzia hapo, na ukishaona kuvu hiyo trei usimpe ng'ombe. Kwa hiyo hasara si ya zile 30 peke yake.

Usichukue mbegu iliyobaki baada ya kupanda shamba. Ngano au mahindi yenye rangi nyekundu, pinki au kijani yamepakwa dawa, na kuyaosha hakuondoi dawa yote. Mtama nao tunakataa kuuza kwa kazi hii kila tunapoulizwa, maana machipukizi yake machanga yana sumu ya sianidi. Shayiri, ngano, mahindi: hayo yanatosha.

Sasa uhifadhi, ambapo wengi huharibu mbegu iliyokuwa nzuri. Unga wa posho unaweza kusagwa kutoka kwa mahindi yaliyokufa kiini, usijue. Mbegu ya trei lazima iwe hai. Fukusi wakiingia, kuna punje zinazobaki nzima kwa nje ilhali kiini kimeshaliwa. Unyevu nao huiua taratibu bila kuacha dalili.

Kama huna mashine ya kupima unyevu, tumia chumvi. Tafuta chupa kavu ya kioo, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu na konzi ya punje, funga, tikisa vizuri, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 na hiyo mbegu haiwekeki. Ikiteleza chini, una afadhali, lakini bado ianike kwenye turubai siku moja au mbili, kwa sababu mbegu ya kuweka inatakiwa iwe asilimia 13 au chini. Baada ya hapo itie kwenye magunia yale ya matabaka yasiyopitisha hewa, ufunge kabisa. Wadudu waliomo watakosa hewa wafe bila dawa. Ukifunga mbegu mbichi humo, umejitengenezea kuvu mwenyewe. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, na kamwe lisikae chumba kimoja na mbolea.

Wateja wetu wa Kisumu na Ahero, joto lenu linachosha mbegu haraka kuliko baridi yetu ya Nakuru. Nunueni kidogokidogo. Ng'ombe mmoja akioteshewa kilo 2 kwa siku, gunia la kilo 50 linaisha kwa siku 25. Kwa hiyo mwenye ng'ombe wawili hana haja ya magunia kumi eti kwa sababu bei imeshuka.

Na kwa kuwa tunauza hii kitu, tuseme ukweli wake pia: kilo moja ya mbegu inayokuwa kilo 6 au 7 za majani imeongezwa zaidi na maji. Ng'ombe bado anahitaji nyasi kavu.

Ukija dukani, omba tukufungulie gunia. Chukua konzi yako bure, nenda ukapime nyumbani, gunia tutalitia alama na kukuwekea kwa siku tano. Yule mama wa Bahati sasa huja na kitambaa chake mwenyewe.