Kwa mdogo wangu anayekwenda kukaa kwa watu Ujerumani

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, ingawa habari yenyewe nilikuwa nayo siku nyingi. Mama mdogo hajui kukaa na siri, na hapa Lindi mpaka wauza samaki wanajua kuwa mwanawe anakwenda Ujerumani mwaka mzima kwa mpango wa kujitolea, atakaa nyumbani kwa watu asiowajua. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengine wa kusini, wa Masasi na wa Newala, wananiuliza hayohayo.

Umesema unaogopa baridi na chakula. Baridi dawa yake koti. Mimi kinachonitia wasiwasi ni adabu zako, maana umelelewa vizuri mno.

Kwetu mgeni haombi. Ukiulizwa kama umeshiba unasema nimeshiba, alhamdulillahi, na mwenyeji anakuongezea hivyohivyo huku akikugombeza. Huko ukisema umeshiba, sahani inaondoka. Si kwamba wamekunyima, wamekuamini. Jioni utakuta mezani mkate mweusi, jibini, matango yaliyokatwa, labda na chai kavu, na kila mtu anajichukulia. Wewe utakaa na mikono mapajani ukingoja ukaribishwe tena, kumbe wenzako wameshaanza kufuta meza. Sema bado nina njaa. Sema nguruwe sili, tena liseme siku ya kwanza, kwa sababu si kwenye soseji tu, hata kwenye supu ya dengu huwa wanamtia. Hawatakasirika. Watakasirika wakija kujua mwezi wa tatu kwamba ulikuwa unalala na njaa ndani ya nyumba yao, na hapo watakuwa na haki.

Ramadhani isikupe shida. Miaka hii inaangukia kipindi cha baridi, jua la kule linazama mapema, na mwanzoni mwa mfungo, kwa saa za kule, utafuturu mapema kuliko sisi tuliobaki huku kwa saa zetu. Waeleze tu mapema kwa nini unaamka usiku kupika, wasije wakadhani mwizi.

Utapewa chumba chako peke yako. Wewe uliyezoea kulala na wadogo zako wawili na redio ya bibi ukutani, usiku wa kwanza utaona umetengwa. Hujatengwa. Ila ujue kuwa ukifunga mlango, hawakugongei. Wanaona unataka kupumzika, na watakuacha upumzike wiki nzima. Fungua mlango, toka ukakae jikoni, menya viazi. Uliza kazi yako humo ndani ni ipi, usingoje kutumwa. Mama wa nyumba akikwambia umwite kwa jina lake tupu, mwite. Ulimi utakuwa mzito, shikamoo yako isemee moyoni. Taka zinatengwa, karatasi kwake, plastiki kwake, maganda kwake, na chupa nyingi za plastiki za maji na soda hazitupwi, ukirudisha moja dukani unapata senti 25 za yuro. Saa nne usiku kelele mwisho. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, na ukiwasha mashine ya kukata majani siku hiyo, jirani atakuja mlangoni.

Na kama hampatani kabisa, mwambie msimamizi wako akubadilishie familia. Watu wanabadilishiwa, wala haitwi kufukuzwa. Mama mdogo usimweleze mpaka uwe umeshahamia kwingine.

Sasa nikwambie la Berlin. Iko siku watakupeleka kwenye makumbusho ya elimu ya viumbe, Museum für Naturkunde. Mimi nilipokaa kule, wenyeji wangu walinipeleka, na baba wa nyumba alinitembeza kwa furaha, maana anapapenda tangu utoto wake. Ukiingia ukumbini unakutana na mifupa ya dinosaria mrefu kupita mita 13, unakunja shingo kukitafuta kichwa. Ukisoma kibao chake utaona Tendaguru. Tendaguru hii hii yetu, kilima cha huku mkoani Lindi. Wajerumani walichimba pale kuanzia mwaka 1909 mpaka 1913, na mifupa ikabebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, siku kadhaa njiani mpaka bandarini Lindi, ikapakiwa melini. Waliochimba ni mamia ya watu wa huku. Msimamizi wao mmoja, Boheti bin Amrani, anatajwa kwa jina kwenye historia ya kazi ile, wengi hawatajwi. Na Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907, miaka miwili tu kabla ya jembe la kwanza.

Baba wa nyumba hakuwa akijua habari ya wapagazi. Nilimweleza, akanyamaza, kisha akaniuliza kama mifupa ile irudi. Wapo wanaotaka irudi, na wapo wanaouliza tutaiweka wapi. Nilimjibu kwamba kwanza ningetaka mtoto wa Lindi aione bila kuomba viza. Tulibishana njia nzima kwenye treni, na nadhani siku ile ndiyo nilianza kukaa pale kama mtu wa nyumba. Kwa hiyo usimeze maneno ili uonekane mgeni mwema. Wala usiwalipukie kana kwamba wao ndio waliochimba.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu kidogo. Mpango unaokupeleka, weltwärts, ulianza 2008 kwa kutuma vijana wa Kijerumani nje, huku kwetu kukiwemo. Vijana wa nchi zetu kwenda kule walisubiri mpaka 2013. Sisi tulikuwa tukiwapisha wageni kitanda chenye feni na kuwachinjia kuku, na hakuna aliyeuliza wa kwetu wataenda lini. Basi usijione umepewa sadaka.

Zawadi: korosho zilizokaangwa, kilo mbili zinatosha, na kanga mbili. Ming'oko, mizizi yetu ya kuchemsha, acha, nani atakuchemshia huko. Nyama na maziwa usibebe kabisa, forodha ya Ulaya wanavitupa.

Koti langu nitalituma na basi la Mtwara kesho kutwa, lipokee stendi. Zipu imekufa, mpelekee fundi kabla hujasafiri.

Dada yako