Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu;
Mganga Mkuu wa Wilaya;
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule;
Mkuu wa Shule na walimu wetu;
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu;
Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Afya tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuja shuleni kwetu leo, Mei 31. Tunajua una kazi nyingi, maana siku hii kila mwaka inaangukia katikati ya msimu wa masoko. Barabarani huenda umepishana na malori yaliyobeba mitumba ya tumbaku. Sehemu ya mitumba hiyo imetoka kwa wazazi wetu waliokaa mbele yako.

Tunaanza na hilo kwa sababu hatutaki kukuficha kitu. Mkoa wetu wa Tabora ndio unaoongoza kwa tumbaku nchini. Tangu mradi wa karanga wa Waingereza ulipoanguka kule Urambo mwanzoni mwa miaka ya 1950, jani hili ndilo lililoshika nafasi. Tumbaku imetujengea nyumba za bati. Imenunua sare tulizovaa leo na madaftari tunayoandikia. Mtu akisimama hapa akamtukana mkulima wa tumbaku, atakuwa amemtukana mama yangu. Risala hii haina nia hiyo. Tunataka kusema yale ambayo mtoto aliyelelewa na tumbaku ameyaona kwa macho yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Klabu hii ilianza kwa sababu ya msichana mmoja, mwenzetu. Ulikuwa mwezi wa pili, wakati wa kuchuma. Aliingia shambani alfajiri kabla jua halijatoka, majani yamelowa umande, akawa anachuma ya chini na kuyakumbatia kifuani kuyapeleka mwisho wa tuta. Kufikia saa mbili blauzi yake ilikuwa imelowa chapachapa na mikono imekuwa myeusi kwa ule ulimbo ambao kila mtu hapa anaujua, usiotoka hata kwa sabuni. Saa nne akaanza kutapika. Kichwa kikamuuma, kizunguzungu kikamwangusha. Mama yake akasema ni malaria, wakampeleka zahanati, wakapima, malaria hakuna. Akalala, kesho yake akaamka mzima. Akarudi shambani, akatapika tena.

Huku kwetu tunasema tumbaku imemlevya, basi, tunaendelea na kazi. Mwalimu wetu wa Baiolojia ndiye aliyetueleza kinachotokea. Nikotini iliyomo kwenye jani bichi huyeyuka katika umande au maji ya mvua, ikapenya kwenye ngozi na kuingia kwenye damu. Mwenzetu huyo hajawahi kuvuta sigara hata moja maishani mwake, lakini asubuhi ile mwili wake ulikuwa umelishwa sumu ya nikotini. Na mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo kiasi kile kile kinachomsumbua mtu mzima kidogo kinamlaza mtoto chini.

Baada ya kuchuma kuna bani, yaani jengo la kukaushia majani. Tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa hewa ya moto, hukaa bani karibu wiki nzima, na moto wake haupumziki usiku. Mtu lazima akeshe anachochea kuni na kuangalia joto, na mara nyingi mtu huyo ni mwanafunzi. Walimu wetu wanajua mwezi wa pili na wa tatu nani amekesha banini, maana ndiye anayelala kipindi cha kwanza. Hatusemi haya kuwashitaki wazazi. Mzazi aliyekopeshwa pembejeo anadaiwa hata mvua ikigoma, na mfanyakazi wa kulipwa analipwa kutoka mkopo ule ule. Ila Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi inayodhuru afya yake, na sisi tunaishi ndani ya kazi hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tumbaku ikishauzwa, inaturudia ikiwa ndani ya karatasi nyeupe. Hatua chache kutoka lango la shule kuna kibanda. Sigara inauzwa moja moja, na kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi kwenye nguzo ili mteja awashie papo hapo. Pembeni kuna pipi za mnanaa za kuua harufu kabla ya kengele. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa sigara. Pale kibandani sare ya shule haijawahi kumnyima mtu huduma.

Tumekaa na wenzetu wanaovuta, tukawasikiliza bila kuwasema. Jibu wanalotoa wengi ni kwamba sigara inawatuliza, hasa mitihani ikikaribia. Tulilichunguza jibu hili, na tunaomba wenzetu walisikie leo mbele ya wazazi. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kuamsha ile hali ya kujisikia vizuri. Muda si mrefu inapungua, na ubongo uliokwisha kuizoea unaanza kuidai. Mtu anakuwa na hasira, hawezi kutulia, anasoma mstari mmoja mara tatu hauingii. Vijana wanaiita arosto. Akivuta nyingine anatulia, naye anaona sigara imemsaidia, kumbe imemtuliza maumivu ambayo yenyewe ndiyo iliyoyaleta. Asiyevuta alikuwa ametulia tangu mwanzo. Na ubongo wa kijana, ambao unaendelea kukua hadi kwenye miaka ya ishirini na kitu, unanaswa upesi kuliko wa mtu mzima.

Ugoro nao tusiusahau. Wazee wetu wengi wanauona si kitu kwa vile hautoi moshi, lakini nikotini imo, na tumbaku isiyo na moshi inasababisha saratani ya kinywa. Kuhusu sigara hatuna haja ya kurefusha: saratani ya mapafu, kiharusi, magonjwa ya moyo, kifua kinachobana hadi mtu anashindwa kupanda kilima alichokuwa akikipanda na mzigo. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawavuti, wanavuta moshi wa wenzao. Hao ni mke, ni mtoto aliyelala chumba kimoja na baba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tulianza tukiwa wanane, leo tunajaza darasa. Mwaka huu tulikwenda kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima siku ya mkutano, tukaomba dakika kumi, tukawaeleza wazazi habari ya umande: wasubiri majani yakauke, wavae mikono mirefu na glavu, wabadilishe nguo zikilowa. Baadhi walicheka. Wengine walikuja baadaye kuuliza, mmoja akiwa mama mjamzito.

Maombi yetu kwako ni haya. Tunaomba kibanda kile kiache kuuza sigara kwa wanafunzi, na vingine vilivyo karibu na shule za msingi pia, kwa kuwa huko ndiko wengi wanakoanzia. Tunaomba mwanafunzi akikamatwa anavuta asiishie kwenye viboko. Fimbo haitoi nikotini mwilini. Siku tatu za kwanza za kuacha ndizo ngumu kuliko zote, na ndizo tunazomfukuza arudi nyumbani peke yake. Mganga Mkuu atupatie mhudumu wa kutoa ushauri nasaha, hata mara moja kwa mwezi.

La mwisho ndilo zito. Tanzania iliridhia mwaka 2007 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na mkataba huo unataka wakulima wasaidiwe kupata njia nyingine ya kuishi. Asali ya Tabora ina jina, na nyuki wanaitoa kwenye misitu ya miombo ile ile tunayoikata kwa ajili ya mabani. Alizeti na karanga zinakubali kwenye udongo wetu. Kinachokosekana ni mkopo wa pembejeo na mnunuzi wa uhakika, vitu viwili ambavyo tumbaku peke yake inavileta hadi mlangoni. Tunaomba ofisi yako iwakutanishe wazazi wetu na maafisa ugani, ushirika na wanunuzi kabla vitalu vya msimu ujao havijamwagiliwa. Muda uliobaki ni mfupi, vitalu vinaanza mwezi wa saba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa Klabu ya Afya na imesomwa mbele yako na Katibu wa Klabu.